Sharubati ya Mti wa Taifa

Asikiaye la mkuu huvunjika guu, asiyesikia huvunjwa. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa katika nchi yetu, na sijakutana na raia hata mmoja mwenye miguu miwili mizima aliyekanusha.

Nchi yenyewe siitaji jina. Si kwa woga. Ni kwa sababu jina lake hubadilishwa kila mkuu wetu anapopata mjukuu, nami sitaki hadithi hii ichakae kabla hujaimaliza.

Mkuu wetu anaitwa Baba Kivuli. Jina hilo alilipata siku alipopanda Mti wa Taifa mbele ya jengo la Bunge. Kwetu kuna desturi: mche unaopandwa na mkuu haubebi jina la asili yake. Hubeba jina analolitamka mkuu wakati maji ya kwanza yanapomwagwa shinani, na likishatamkwa halirudi. Siku ile Baba Kivuli alimwaga kopo la maji, akajipangusa jasho alilonyunyiziwa na msaidizi wake ili apendeze pichani, akasema, "Huu ni mwarobaini. Utatibu maradhi yote ya taifa hili."

Mche ulikuwa mmelia.

Afisa itifaki alijua. Aliutazama mche, akamtazama Baba Kivuli, akaona ni rahisi zaidi mche ubadilike.

Msioijua miti niwafahamishe. Mwarobaini na mmelia ni kama mtu na binamu yake mlevi: kwa mbali wanafanana, lakini huyo binamu humwachii mtoto. Mwarobaini ni ile dawa chungu ambayo bibi zetu walitunywesha huku wametubana pua. Mmelia una kivuli kizuri, maua ya zambarau, na matunda ya njano yanayong'aa kama shanga. Ukiyala matunda hayo, tumbo hugeuka, kisha mikono hutetemeka, kisha mikono hutulia.

Miaka ikapita, mti ukakua, elimu ikadumaa. Ndipo Waziri wa Elimu na Utii, Mheshimiwa Profesa Balozi Kibindo, alipogundua kwamba shule zetu hazina hadubini. Zilikuwapo. Zililetwa kwa msaada, zikagawiwa wabunge, kwa hoja kwamba wao ndio wanaopaswa kuyaona matatizo ya wananchi, nayo ni madogo sana.

Waziri hakuvunjika moyo. Alipanda jukwaani na kutangaza Mapinduzi ya Zana za Kijani.

"Mwanafunzi wetu wa baiolojia," alinguruma, "hatategemea tena vioo vya wageni! Atajifunza kwa mimea, kutoka kwa mimea, ndani ya mimea, na ikibidi, yeye mwenyewe aote mizizi!"

Tulipiga makofi hadi waliokuwa na mikono myembamba wakaomba kupumzika, wakanyimwa.

Ikaundwa Taasisi ya Zana za Kijani, kazi yake kutengeneza na kujaribu zana za kujifunzia baiolojia zitokanazo na mimea. Nikaajiriwa humo kuwa mhariri wa lugha. Nina stashahada, na Kiswahili changu hakijawahi kuazima nguo kwa jirani. Mkurugenzi wetu alikuwa Dokta Chambuso, ambaye udaktari wake ulikuwa wa heshima na heshima yake ilikuwa ya kuazima.

"Binti," aliniambia siku ya kwanza, "kazi yako ni mkato na nukta. Baiolojia tuachie wenyewe."

"Na wenyewe ni akina nani, Dokta?"

"Tutawateua."

Walioteuliwa walifanya kazi kwa bidii ya kutisha. Ubongo wa binadamu waliutengeneza kwa kabichi. Mapafu wakayafanya kwa dodoki, figo kwa maharage, jicho kwa tunda la shokishoki lililomenywa nusu. Kiunzi kizima cha mifupa, kuanzia fuvu hadi kidole cha mguu, walikichonga kwa mihogo. Kisha zana zikapelekwa kwa wahakiki, ambao katika nchi yetu huwa na ngazi nne za kuchagua: Inafaa, Inafaa Sana, Inafaa Mno, na Mhakiki Ahojiwe. Zana zote zilipata Inafaa Mno.

Jaribio la kwanza lilifanyika katika sekondari moja ya bweni, ambako wanafunzi walikuwa wanakula mlo mmoja kwa siku kwa ajili ya nidhamu. Kabla ya kengele ya mapumziko, darasa lilikuwa limekula mifupa yote ya binadamu na kuanza kumenyana juu ya ubongo. Mwalimu wa baiolojia, Mwalimu Pazi, mtu mpole mwenye suti moja na hofu nyingi, alituandikia kwamba wanafunzi waliipokea zana kwa hamu kubwa na kuimaliza yote. Taarifa ilipofika wizarani, Waziri Kibindo alitokwa na machozi. Hakuwahi kuona mada ikimalizwa kwa wakati.

Baada ya mafanikio hayo ikaamuliwa kwamba sura ya mwisho ya kitabu cha Taasisi, na mtihani wote wa vitendo, viwe juu ya Mti wa Taifa. Kila mwanafunzi apewe jani, alitazame, achore, aandike alichokiona. Kisha, ili ajue faida ya mmea huo kwa mwili, anywe kikombe cha sharubati iliyochemshwa kwa matunda yake.

Hapa inafaa nieleze namna tunavyojaribu vitu. Nasikia kwamba katika nchi zilizopotoka, kitabu hujaribiwa kwa wanafunzi: wasipoelewa, kitabu hurekebishwa. Sisi hujaribu wanafunzi kwa kitabu. Asiyeona kilichoandikwa hurudishwa kwa waliomtengeneza, yaani wazazi wake, akarekebishwe.

Nilikuwa nimetumwa katika shule ya Mwalimu Pazi kusikiliza kama maelezo yanasomeka vizuri. Nilikaa nyuma ya darasa. Mbele yangu waliketi wasichana wawili, Tunu na Mwasiti, waliokuwa wakigawana dawati, kalamu na kila utani. Tunu alikuwa mrefu, mwenye macho yasiyojua kuinama, na shule nzima ilijua kwamba anataka kuwa daktari. Mwasiti hakutaka kuwa chochote ila rafiki wa daktari.

"Shoga," Tunu alinong'ona, akiligeuza jani, "hili si la mwarobaini."

"Wewe nawe! Limetoka Bungeni."

"Hata kama limetoka mbinguni. Kwetu uani tuna mwarobaini. Jani lake lina uti mmoja, vijani vimejipanga huku na huku kama unyoya. Hebu tazama hili. Uti umezaa matawi, matawi ndiyo yamezaa vijani. Limegawanyika mara mbili."

"Basi chora mara moja, tukale."

"Siwezi kuchora nisichokiona."

"Na udaktari utauweza? Wenzako wote wanachora hivyo hivyo!"

Mwalimu Pazi alisikia. Alikuja, akalitazama jani, na nilimwona kwa macho yangu akiona. Uso wake ulijua. Kisha akaupangusa uso ule kwa leso, na ujuzi ukatoka pamoja na jasho.

"Wewe mtoto," alisema, "kitabu kinasema mara moja."

"Na jani linasemaje, Mwalimu?"

"Jani halisahihishi mitihani."

"Mwalimu, na matunda? Haya ni matunda ya mmelia. Mbuzi wa jirani yetu alikula, akafa amekaza shingo. Mtatunywesha sumu?"

Darasa lilicheka. Mvulana mmoja akalia kama mbuzi. Mwasiti ndiye aliyecheka zaidi ya wote, kisha akamshika Tunu mkono chini ya dawati.

Nilirudi kwa Dokta Chambuso na jani mkononi. Nilimweleza yote, polepole, kama anavyoelezwa mtu anayelipwa vizuri.

"Binti, hii ni baiolojia."

"Hapana, Dokta. Haya ni macho. Hesabu mwenyewe."

Akalishika jani, akaligeuza, akalivunja vipande, akavitia mfukoni. "Sasa limegawanyika mara nyingi zaidi," akasema. "Umefurahi?"

Kwa kuwa nilikataa kunyamaza, suala lilipelekwa kwenye kikao. Nawaomba msifikiri kwamba nchi yetu haijali sayansi. Kikao kilijaa hadi madirishani. Waziri Kibindo mwenyewe aliongoza. Alisimama, akakohoa kwa mamlaka.

"Wanaoafiki kwamba jani limegawanyika mara moja waseme ndiyo."

"Ndiyooo!"

"Wasioafiki waseme siyo, na wataje kijiji walikozaliwa."

"Siyo," nikasema, nikataja kijiji.

"Walioafiki wameshinda. Jani limepita." Akanitazama juu ya miwani. "Na tunda je? Wanaoafiki kwamba tunda lina afya?"

Tunda nalo likapita. Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya jani, kwa sababu wakati huo chai ilikuwa imeshaletwa mlangoni.

Uzinduzi ulifanywa katika uwanja wa shule ile ile. Palikuwa na maturubai, ngoma, na kamera. Sufuria kubwa ya sharubati iliwekwa katikati, imepambwa kwa maua ya zambarau, na harufu yake ilikuwa tamu kweli. Sumu ya kwetu haina uchoyo. Wanafunzi walisimama mistari, kila mmoja na kikombe. Waziri alikuwa na kikombe chake cha dhahabu, ndani yake juisi ya ukwaju kutoka jikoni kwake, kwa kuwa kiongozi hapaswi kuwapunguzia watoto haki yao.

"Kunyweni!" akasema. "Kunyweni baiolojia!"

Tunu alitoka mstarini. "Msinywe!" alipiga kelele. "Jamani, huu ni mmelia! Msinywe!" Akamwaga kikombe chake mchangani mbele ya kamera. Askari wawili wakamkamata. Alikuwa bado anapiga kelele walipokuwa wanamburuta, na Mwasiti alikuwa wa nne katika mstari.

Nilimwona Mwasiti akisita. Nilimwona Mwalimu Pazi akimwinamia na kumwambia, kwa upole wake wote, "Kunywa, mwanangu. Asiyekunywa hana alama za vitendo." Mwasiti alimtazama rafiki yake langoni, akakitazama kikombe, akafanya alichofanya maisha yake yote ili mambo yaende vizuri. Akanywa.

Mstari ulianza kutapika kabla Waziri hajamaliza kushukuru wafadhili. Bendi iliongezewa sauti. Watoto walianguka mmoja mmoja, wakitetemeka, na mtangazaji wa redio, kijana mwerevu ambaye sasa ni balozi, aliwaeleza wasikilizaji kwamba wanafunzi wameingia katika ngoma ya asili. Wengi walipona. Mwasiti alitetemeka hadi jioni. Kisha mikono yake ikatulia.

Taarifa ya jaribio niliombwa niihariri, kwa hiyo naikumbuka vizuri. Ilisema kwamba zana imethibitika kuwa na nguvu, kwa kuwa hakuna mwanafunzi aliyeinywa akabaki kama alivyokuwa. Ilisema washiriki wote walionyesha mwitikio. Kuhusu Mwasiti ilisema kwamba alihitimu mapema. Nilipokataa kuiwekea nukta sentensi hiyo, Dokta Chambuso aliiweka mwenyewe, na aliiweka mahali pasipo pake.

Lakini kifo ni kifo, na hata kwetu mtu lazima akibebe. Mti haungeweza kushtakiwa. Kitabu kilikuwa na picha ya Baba Kivuli jaladani. Ndipo mwendesha mashtaka alipopata hoja ambayo vyuo vyetu vya sheria vinaifundisha hadi leo.

"Mheshimiwa hakimu," alisema akimnyooshea Tunu kidole, "katika nchi nzima, mtu mmoja tu alijua kwamba sharubati ile ina sumu. Mawaziri hawakujua. Madaktari hawakujua. Wahakiki hawakujua. Yeye alijua. Alijuaje, kama si yeye aliyeitia?"

Umati ukaguna kwa kuridhika. Hakimu akamgeukia Tunu.

"Binti, una la kusema?"

"Nilitazama jani, mheshimiwa."

"Umesikia mwenyewe," akasema mwendesha mashtaka. "Anakiri alilisogelea jani."

Mwalimu Pazi aliitwa shahidi. Aliulizwa kama msichana huyu aliwahi kutaja sumu darasani. Akasema aliwahi. Aliulizwa kama yeye mwenyewe aliwahi kuona tofauti yoyote katika jani. Alijipangusa uso kwa leso, na mama yake Mwasiti, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele na kanga imefungwa kichwani, akasema kwa sauti iliyosikika hadi nje, "Sema, Pazi. Ulimwita mwanangu mwanao."

"Sikuona," akasema Mwalimu Pazi. Alipandishwa cheo siku hiyo hiyo. Sasa ana suti mbili.

Tunu alitiwa hatiani. Hata hivyo Baba Kivuli, ambaye huruma yake hutangazwa kila saa baada ya taarifa ya habari, alimpa nafasi. Akiuomba Mti wa Taifa radhi mbele ya wananchi, ataachiwa, atarudi shuleni, na nafasi ya kusomea udaktari itamsubiri. Akikataa, atabaki ndani. Maneno ya kuomba radhi yangeandikwa kwa Kiswahili kitakachowaliza watu. Dokta Chambuso akaniita.

"Sasa ndipo lugha yako itatufaa, binti. Mlainishe moyo huyo mtoto."

Nilikwenda kumwona Tunu rumande. Walikuwa wamemnyoa. Alikuwa amekonda, lakini macho hayakuwa yamejifunza kuinama.

"Dada," alisema, "umekuja na maneno ya kuniokoa?"

"Nimekuja na karatasi tupu. Mdomo ni wako. Ukitaka nikuandikie radhi, nitaiandika nzuri hata mti ulie, na kesho utalala kwenu. Hakuna atakayekulaumu. Mimi wa kwanza sitakulaumu."

Nje, mlinzi alikuwa anajifunza kuimba wimbo mpya wa taifa na kuukosea.

"Nikisema nilikosea," akasema mwisho, "Mwasiti atakuwa amekufa kwa nini?"

"Kwa lolote watakalosema wao."

"Na ile sura itabaki kitabuni? Na sharubati?"

"Toleo la pili limeshapelekwa kiwandani. Mwakani ni shule zote."

Akaitazama ncha ya kalamu yangu. "Basi andika kweli, dada. Lakini uiandike vizuri. Iwe rahisi, mtu asiyesoma aielewe akiwa amesimama juani."

Niliandika. Dokta Chambuso alisoma mstari wa kwanza na wa mwisho, kama asomavyo kila kitu, akapiga muhuri.

Siku ya radhi, viwanja vya Bunge vilifurika. Serikali, kwa hamu yake ya kupendezesha picha, ilikuwa imempa kila mwananchi jani la Mti wa Taifa la kupunga. Bahari ya majani ilicheza hewani. Tunu alisimama chini ya mti, pingu mkononi, akasoma kwa sauti isiyotetemeka.

"Ewe Mti wa Taifa, nimesimama mbele yako. Wewe huna kosa. Hukujiita mwarobaini. Jani la mwarobaini lina uti mmoja, na vijani vimejipanga pande zake mbili kama unyoya wa kuku. Wananchi, litazameni mlilopewa. Uti wake umezaa matawi, na matawi ndiyo yaliyozaa vijani. Mwasiti hakufa kwa kukosa uzalendo. Alikufa kwa kunywa tunda la mmelia. Udumu milele."

Majani yakaacha kupunga. Yakashuka. Nikaona jambo ambalo sijaliona kabla wala baada: watu wazima maelfu, wameinamisha vichwa, wanatazama kitu kilichomo mikononi mwao.

"Jamani," mama mmoja akasema, "mbona langu lina matawi?"

"Nyamaza, mama Chausiku! Mume wangu yuko kazini serikalini."

"Kwani la kwako halina?"

"Lina. Ndiyo maana nakwambia unyamaze."

"Mwarobaini wa kwetu nyumbani hauko hivi hata kidogo," akasema mzee mwenye bakora, na minong'ono ikaanza kutembea safu kwa safu, mpaka Waziri Kibindo akaamuru bendi ipige.

Msidhani nitawaambia kwamba umati ulivunja geti. Umati ulikwenda nyumbani kulinganisha.

Na hapo ndipo serikali ilipoonyesha ukubwa wa akili yake. Haikubishana na mtu. Usiku haukuwa umekomaa amri ilipotoka: kila mwarobaini nchini ukatwe, uani, misikitini, makanisani, makaburini, na visiki ving'olewe. Mashoka yalilia wiki nzima. Bibi zetu walikaa vibarazani wakitazama dawa zao zikibebwa kwa malori. Mwarobaini ulioota juu ya kaburi la Mwasiti, mche wa kimo cha goti uliopandwa na mama yake, ulikatwa na kikosi chenye silaha. Sasa nchi nzima ina mwarobaini mmoja tu, ule wa Bunge, na hakuna wa kuulinganisha nao. Jani limekuwa sahihi.

Tunu naye alisomewa hukumu mpya. Atakaa gerezani mpaka jani la Mti wa Taifa litakapogawanyika mara moja. Kila mwezi hutolewa kwa minyororo, huletwa chini ya mti, huonyeshwa jani, huulizwa anaona nini. Wanafunzi wa baiolojia huletwa kwa mabasi kutazama. Ameorodheshwa rasmi kuwa zana ya kujifunzia. Kila mwezi hutazama kwa makini, kama daktari, na kila mwezi hujibu, "Mara mbili." Kisha hurudishwa.

Juzi Dokta Chambuso alinijia nyumbani. Nilikuwa nimeshafukuzwa kazi, na alikuja kwa upole wa mtu aliyetumwa.

"Binti, sema neno moja tu redioni. Samahani. Wizara itakurudisha kazini. Ni neno fupi, na wewe una mengi."

"Ninayo mengi. Hilo sina."

"Yule mtoto yuko ndani kwa sababu ya maandishi yako! Huna hata huruma?"

"Yuko ndani kwa sababu ya funguo zenu."

"Kiburi hicho!"

"Ni stashahada, Dokta. Ya kweli."

Akaondoka, akaacha kipaza sauti cha redio mezani pangu, kimeunganishwa, endapo nitabadili mawazo. Kiko hapa mbele yangu ninapoandika, taa yake nyekundu inawaka, na wizara nzima imetega sikio. Basi na wasikie, nayasoma haya kwa sauti. Sikukosea jani. Sikuukosea Mti. Sikumkosea Waziri, wala Baba Kivuli, wala wajukuu wake wenye majina ya nchi. Siombi radhi.